Mshipa Usiokuwepo

Chupa ilikuwa imejaa.

Inspekta aliishika kwa mikono miwili, akaitikisa kidogo karibu na sikio, kisha akaiweka juu ya meza ya stoo ya vielelezo na kufungua kizibo kwa ncha za vidole. Harufu ya supu iliyochacha ilimpiga usoni. Supu yenyewe ilikuwa imefika shingoni, ikigusa kizibo, vile vile ilivyomiminwa na aliyeipika.

Askari wa stoo alirudi nyuma hatua mbili, kaziba pua.

"Hii uliipokea wewe?"

"Mimi, afande. Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Nisomee ulivyoandika."

Askari alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole. "Themosi moja, rangi ya bluu, imejaa supu."

"Imejaa."

"Ndiyo, afande. Ilikuwa nzito."

"Sasa kama imejaa, marehemu alinyweshwa nini?"

Askari alitazama dari, akatazama mlango, akakosa pa kutazama tena. "Afande, mimi niliambiwa niandike. Kufikiri sikuambiwa."

Pale kituoni, akiwa hayupo, Inspekta walimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia mahali kumng'oa huwa ni kazi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mfupi, sauti ya chini, viatu visivyo na kelele. Faili hili lilimwangukia asubuhi hiyo baada ya mwenzake aliyelifungua kwenda likizo, na lilikuwa jembamba la kusikitisha. Kinyozi mmoja, umri wa miaka arobaini na saba, alipasuliwa tumbo siku ya Jumatatu ili aondolewe uvimbe kwenye utumbo mpana. Alhamisi alasiri akafa. Hospitali ikaandika kwamba mkewe, fundi cherehani, alimnywesha kitu kutoka nyumbani. Kaka wa marehemu akaongeza kwamba wawili hao walikuwa hawaelewani. Jioni hiyo hiyo mwanamke akakamatwa, mkononi bado ana shati la mumewe. Kielelezo kilikuwa kimoja tu, chupa. Na chupa yenyewe, kwa siku nane nzima, hakuna aliyeona haja ya kuipeleka kwa mkemia.

Inspekta alirudisha kizibo akakikaza kuliko ilivyohitajika.

"Iende kwa mkemia leo," alisema. "Sasa hivi. Na risiti niione."

Fundi cherehani aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na nguo zile zile alizokamatwa nazo. Alikuwa mwembamba, nywele kazifunga kwa kipande cha kitambaa. Aliketi pale alipoonyeshwa.

"Pole na msiba, dada," Inspekta alisema.

Mwanamke aliinua macho. "Wewe ni wa kwanza kunipa pole. Wengine wote wameniuliza niliweka nini."

"Mimi nataka kujua alikunywa kiasi gani."

"Hakunywa hata tone. Niliipeleka Jumatatu jioni, nesi akanizuia, akasema huyu hali wala hanywi mpaka daktari aseme. Nikaiweka dirishani. Nikajiambia, akiruhusiwa kesho, atakunywa. Kesho yake tumbo likawa limevimba, analia kwamba linamuuma kuliko kabla hajapasuliwa. Katika hali ile nani angekumbuka supu?"

"Shemeji yako anasema mlikuwa mnagombana."

"Tuligombana, sikatai." Aliweka viganja vyake juu ya meza, vidole vilikuwa na alama za sindano. "Miezi mitatu mume wangu alikuwa anatoka damu chooni, ananificha. Niliiona mwenyewe. Nikamwambia uende hospitali. Akasema wiki ijayo. Ikaja wiki ijayo, akasema ile nyingine. Mwisho nikamfungia mashine zake za kunyolea kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni, nikamwambia hunyoi kichwa cha mtu mpaka upimwe. Majirani walisikia kelele, ni kweli. Kelele zenyewe ndizo hizo." Alikunja vidole. "Mimi ndiye niliyempeleka kule kwa mkono wangu. Halafu wananiambia ndiye niliyemuua."

Inspekta hakumpa maneno ya faraja. Aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Kisha akamwambia askari wa zamu amletee yule mama maji ya kuoga na kanga safi, na asiulize yametoka kwa amri ya nani.

Kaka wa marehemu alikuwa anasubiri kaunta. Alikuwa baba mtu mzima, dereva wa lori, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Ila leo aliibana.

"Inspekta, nimekuja kuchukua kibali. Tunazika saa kumi jioni. Ndugu yangu amelala kwenye barafu siku nane kama samaki."

"Pole sana, kaka. Naomba nikuulize jambo moja kwanza. Habari ya kwamba shemeji yako kaweka sumu, nani alikuambia?"

"Daktari mwenyewe. Daktari bingwa aliyempasua. Ile Alhamisi, machozi bado hayajakauka, aliniita ofisini kwake. Akasema hajapata kuona tumbo lililovimba vile ila kwa sumu."

"Alikuita yeye, au wewe ulimfuata?"

"Aliniita."

"Na kabla hajakuita, ulikuwa unamshuku shemeji yako?"

Dereva alitazama viatu vyake. "Kabla ya hapo," alisema taratibu, "alikuwa shemeji tu."

"Kibali sijasaini," Inspekta alisema. "Nipe mpaka hiyo saa kumi."

Chumba cha maiti cha hospitali kilikuwa nyuma kabisa, baada ya jiko na dobi. Daktari wa pale alikuwa mzee mrefu aliyepinda mgongo, na wauguzi walimwita Babu wa Barafu. Mwenyewe alijua na hakujali.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Hatimaye polisi wamekumbuka njia." Hakutabasamu. "Barua yangu ilifika kituoni kwenu Jumanne. Niliomba mpelelezi aje. Leo Ijumaa."

Inspekta alikuwa ameikuta barua hiyo saa moja iliyopita, ndani ya droo ya mwenzake, bahasha haijafunguliwa. "Aibu hiyo ni yetu," alisema. "Naichukua. Nionyeshe."

Mzee alivuta trei. Juu yake palikuwa na utumbo uliotandazwa kwa uangalifu, na kando yake kamba nyeupe yenye vipimo.

"Nikuulize kama mtoto wa shule. Mtu akinywa sumu, inapita wapi?"

"Kooni, kwenye mfuko wa chakula, utumbo mwembamba, halafu utumbo mpana."

"Sasa tazama. Mfuko wa chakula hauna hata mchubuko. Utumbo mwembamba huu hapa, karibu mita sita, mzima. Hapa ndipo walipokata uvimbe, upande wa kulia, wakaunganisha. Kushona kwenyewe ni kuzuri, sina la kusema. Kuanzia hapo kwenda kushoto mpaka kukaribia puru, unaona rangi yake?"

Ulikuwa mweusi. Hata mtu asiyejua kitu angejua kwamba kile kilikuwa kimeoza mwenye nacho angali hai.

"Sumu gani hiyo," mzee aliuliza, "inayovuka mita sita bila kugusa kitu, ikafika kwenye mshono, ndipo ikaanza kazi?"

"Kwa hiyo si sumu."

"Huu utumbo haukupewa kitu. Umenyimwa. Umenyimwa damu." Alichukua kalamu akachora nyuma ya bahasha. "Utumbo mpana ni kama mtaa wenye mabomba mawili makubwa ya maji. Hili la juu linalisha kulia na katikati, hili la chini linalisha kushoto. Mitaani yanakutana, kwa hiyo moja likifungwa, jingine linasukuma maji mpaka mwisho. Daktari anapoondoa uvimbe wa mahali kama pale huwa anafunga matawi ya bomba la juu, hili la kulia na hili la kati. Ndivyo inavyofanywa. Mimi nikipasuliwa leo wangenifungia hayo hayo, na bomba la chini lingeniokoa."

"Na yeye?"

"Yeye bomba la chini hana." Aliiweka kalamu. "Nilitafuta kwenye mshipa mkuu, pale linapotokea. Hakuna tundu, hakuna kovu. Halikukatwa. Hakuzaliwa nalo. Kazi yake yote ilikuwa inafanywa na lile tawi la kati la juu, limenenepa mara mbili ya kawaida. Na hilo tawi nimelikuta limefungwa uzi shinani."

Inspekta alitazama mchoro. "Jambo hilo ni la kawaida?"

"Mishipa ya utumbo mpana hutofautiana mtu na mtu kama sura zao. Huyu tawi la kulia hana, yule ana tawi la ziada linalotokea juu kabisa, upande wa bandama. Hayo nimeyaona. Lakini kukosa ule wa chini mzima mzima, miaka thelathini na moja nafungua watu, huyu ni wa kwanza. Hata vitabuni wanahesabika."

"Basi ni ajali. Daktari hakujua."

"Nami nilifikiri hivyo." Mzee alivua glavu, moja baada ya nyingine, akazitupa ndani ya pipa kwa nguvu isiyo ya lazima. "Ila jana daktari bingwa alinipigia simu. Akaniambia nimalize haraka, familia inateseka. Halafu akasema, 'Na hata ukikuta mishipa yake si ya kawaida, usihangaike nayo, haihusiani.' Inspekta, habari ya mishipa sijamwambia mtu. Barua yangu haikuitaja. Yeye kaitoa wapi?"

Mashine ya baridi ilinguruma nyuma yao.

"Swali la mwisho," Inspekta alisema. "Angefunguliwa tena angepona?"

"Jumanne, ndiyo. Hata Jumatano asubuhi ningemtetea. Unautoa utumbo uliokufa, unamwekea mfuko wa choo ubavuni. Maisha yenye kero. Lakini maisha. Na usije ukamsikia mtu akisema mwili wa huyu ulikuwa na kasoro. Alikaa nao miaka arobaini na saba, akala, akafanya kazi, akaoa. Ulikuwa haumdai mtu maelezo."

Inspekta alimpigia simu mkuu wa kituo pale pale mlangoni. Maiti haitoki, alisema, na kama kuna mtu mkubwa atakayeuliza, aelekezwe kwake.

Kwenye ofisi ya kumbukumbu alisaini daftari akapewa faili la kinyozi. Alilisoma akiwa amesimama. Ripoti ya picha za tumbo ilikuwa karatasi moja iliyoeleza uvimbe, ukubwa wake na mahali ulipo, na ikaishia katikati ya sentensi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: ukurasa wa 1 kati ya 2. Juu, kwenye pembe, chini ya pini, palikuwa pamebaki kipande cha karatasi nyeupe kidogo kama ukucha. Mtu alikuwa amevuta ukurasa wa pili bila kutoa pini.

Alifunua mbele. Jumatatu, maelezo ya upasuaji. Jumanne asubuhi, nesi wa wodi: mgonjwa analalamika maumivu makali, tumbo limevimba, daktari ameitwa. Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, kwa mwandiko wa daktari bingwa: "Mgonjwa amekutwa na supu kutoka nyumbani, kinyume cha maagizo. Inashukiwa amenyweshwa kitu na mkewe. Aendelee na dripu." Jumatano: aendelee na dripu. Alhamisi: amefariki.

Daktari wa picha alikuwa mwanamke kijana aliyejifunika sweta mbili, maana chumba chake kilipoozwa kwa ajili ya mashine kuliko kwa ajili ya binadamu. Alipoonyeshwa kitambulisho alifunga mlango.

"Nimeambiwa kesi ile ni ya polisi, nisiizungumzie na mtu."

"Mimi ndiye polisi. Nani alikuambia?"

Daktari wa picha alijaribu kitasa kama mlango umefungika. Inspekta aliweka ile karatasi moja mbele yake. Daktari wa picha aliigeuza nyuma, akatafuta, akaigeuza tena.

"Nyingine iko wapi?"

"Ndilo swali langu."

Msichana alivuta kiti, akaandika jina la kinyozi kwenye kompyuta. Picha zilijaza kioo kizima, nyeusi na nyeupe, kipande baada ya kipande cha mtu aliyekuwa hai siku ile. Alionyesha kwa ncha ya kalamu. "Mshipa mkuu huu. Wa juu huu. Wa chini ungekuwa hapa. Nilifikiri macho yananidanganya, nikapitia picha zaidi ya mia tatu moja moja. Ilikuwa Ijumaa, wenzangu wameshaondoka. Nikaandika." Alibonyeza, na mashine pembeni ikatema karatasi ya moto.

Ukurasa wa pili ulikuwa mfupi. Mshipa wa chini wa utumbo mpana haupo. Upande wote wa kushoto unategemea tawi la kati la mshipa wa juu. Halafu, kwa herufi kubwa: TAWI LA KATI LISIFUNGWE SHINANI.

"Niliandika kwa herufi kubwa," daktari wa picha alisema. "Sijawahi kumwandikia mkubwa wangu kwa herufi kubwa. Aliponiambia baadaye kwamba yule mke alimwekea sumu, niliamini. Nikasema kumbe picha zangu hazikuwa na kosa, ni sumu tu." Alijikunyata ndani ya sweta zake. "Nilifurahi, Inspekta. Nilifurahi kwamba ni sumu."

"Hukuwa na sababu ya kutomwamini. Sasa niambie, mashine hii inakumbuka nani kafungua picha?"

"Kila mtu, na kila dakika." Alibonyeza tena. "Ijumaa, mimi. Jumamosi hakuna. Jumapili hakuna. Jumatatu alipopasuliwa..." Aliinama karibu na kioo. "Hakuna. Hakuna aliyefungua. Jumanne, saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi, daktari bingwa mwenyewe. Dakika ishirini na mbili."

Inspekta aliomba orodha hiyo nayo ichapwe. Aliikunja pamoja na ukurasa wa pili, akauliza njia ya kwenda ofisi ya daktari bingwa, akapanda ngazi polepole ili pumzi yake itulie. Hakutaka kuingia mle ndani akiwa na hasira iliyopanda kichwani. Aliitaka ibaki mahali ambapo ingemfanyia kazi.

Ilikuwa ofisi yenye zulia. Daktari bingwa alisimama kumpokea, mwanamume nadhifu, mvi za pembeni, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Karibu, Inspekta. Nasikia leo mnamaliza."

"Tunakaribia. Nina maswali machache tu, kwa ajili ya faili. Picha za tumbo la marehemu, ulizitazama kabla ya kumpasua?"

"Bila shaka. Huwa sipasui bila picha."

"Lini?"

"Jumapili, kama sikosei."

"Na ripoti uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ilikuwa na kurasa ngapi?"

"Ukurasa mmoja. Umo kwenye faili."

Inspekta aliandika majibu yote manne bila haraka. Kisha akaweka ukurasa wa pili juu ya meza, ukimtazama yeye, na pembeni yake orodha ya mashine.

Daktari bingwa alisoma kwa macho tu, kichwa hakikusogea. Alipomaliza aliegemea kiti, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayefundisha.

"Nikueleze kwa lugha rahisi. Mwili wa yule bwana ulikuwa na kasoro ambayo daktari anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana nayo. Niliyoyafanya Jumatatu, daktari yeyote angeyafanya. Sawa, picha sikuzitazama, nilikuwa na wagonjwa watano. Lakini kufunga tawi lile ni utaratibu wa kila siku. Hakuna baraza litakalonilaumu."

"Mimi sijakulaumu kwa Jumatatu," Inspekta alisema. "Nakuuliza Jumanne."

Daktari bingwa aliipindua orodha ya mashine, maandishi yakaangalia chini.

"Jumanne asubuhi nesi alikuita, tumbo limevimba. Ulikuja huku, ukafungua picha, ukasoma yale maandishi makubwa. Saa tatu na nusu na ushee ulitoka kwenye mashine unajua utumbo wa mgonjwa wako unakufa, na unajua kwa nini. Ratiba ya chumba cha upasuaji imebandikwa hapo nje, nimeisoma nikipanda. Jumanne ile kilikuwa kitupu. Lakini hukwenda chumba cha upasuaji. Ulikwenda wodini, ukaona chupa dirishani, na saa nne kasoro robo ukaandika habari ya supu." Aliinama kidogo mbele. "Mtu alikuwa hai, Daktari. Alikuwa anaongea na mkewe. Alikaa hai siku mbili zaidi."

Daktari bingwa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena.

"Ningemfungua Jumanne," alisema kwa sauti ndogo, "kila aliyekuwemo chumbani angeona nimefunga nini. Manesi, wanafunzi wangu, wote. Wakati mwingine mishipa midogo hujitahidi, damu ikapata njia ya pembeni. Nilifikiri huenda. Nilisubiri."

"Ulisubiri huku unamwandalia mkewe kesi."

"Sikufikiri mngemkamata."

"Ulimwita kaka yake ofisini hapa, kabla maiti haijapoa, ukamwambia ni sumu. Ulifikiri tungemfanya nini?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anasukuma kitoroli cha shuka chafu, gurudumu moja likilia.

"Ukurasa uko wapi?"

"Niliuchana."

Inspekta alimsogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Andika. Anzia Jumanne. Halafu tutashuka pamoja, gari liko chini. Koti liache hapa."

Saa tisa na nusu alikuwa kituoni. Mkuu wa kituo alisoma maelezo yenye sahihi mara mbili, akakuna shingo, akasema yule mwanamke aachiwe mara moja. Halafu akaongeza kwamba atolewe kwa mlango wa nyuma, maana ukoo wa marehemu umejaa mbele na hataki fujo.

Fundi cherehani alikuwa ameoga, amevaa kanga safi. Inspekta aliketi naye kwenye benchi, akamweleza yote tangu mwanzo, mshipa, picha, ukurasa, saa na dakika. Hakumung'unya maneno, kwa kuwa aliona huyu anastahili kuambiwa kama mtu mzima. Mwanamke hakulia. Alisikiliza kama anayepimwa nguo, ametulia, mikono pembeni.

"Kwa hiyo Jumanne alijua," alisema mwishowe.

"Alijua."

"Jumatano nilikutana naye kwenye korido. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamshukuru kwa jinsi anavyomhangaikia mume wangu. Akaniambia tuzidi kuomba Mungu." Aliangalia viganja vyake. "Alinipa mkono wake, Inspekta. Na alikuwa ameshaniandika."

Inspekta alifunga faili, akaliweka juu ya magoti.

"Wanasema utoke kwa nyuma," alimwambia.

"Nani anasema?"

"Mkuu."

"Niliingia kwa mbele, nimefungwa pingu, mtaa mzima unatazama. Mwambie mkuu natoka kwa mbele."

Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda. Inspekta alimfuata hatua moja nyuma. Ndugu, majirani na askari, wote waligeuka. Dereva wa lori aliinuka kwenye benchi. Alikuwa ameshaambiwa, uso wake ulionyesha hivyo, na mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa.

"Shemeji," alisema. "Mimi..."

"Utaniambia siku nyingine," alijibu. "Nitakusikiliza, lakini si leo."

Inspekta alitandaza kibali juu ya kaunta, akasaini, akagonga muhuri. Dereva alinyoosha mkono kwa mazoea. Inspekta alimpita, akamkabidhi mjane.

Mjane alikisoma chote, mpaka jina la mwisho, akakikunja mara mbili.

"Mmekuja na gari?" alimuuliza shemeji yake.

"Liko hapo nje. Wazee wako mbele, ila nyuma kuna nafasi."

"Wazee washuke," alisema. "Mbele nakaa mimi."

Dereva alitangulia kwenda kuwafungulia mlango.